Tisa za Kila Alhamisi

Sehemu ya kumi na moja

Tii! Tii! Tii!

Hapo ndipo tulipomwacha Jonna wiki iliyopita, ndugu msomaji: peke yake barabarani, mikono imeng'ang'ania usukani wa gari ambalo bado si lake, na taa nyekundu inawaka chini ya macho yake.

Taa ilisema abiria wa mbele hajafunga mkanda.

Hapakuwa na abiria wa mbele.

Jonna aligeuza shingo polepole. Kiti kilikuwa kitupu. Kitambaa cha kijivu, kimechakaa pembeni. Hakuna mkoba, hakuna koti, hata glavu moja. Lakini katikati kitambaa kilikuwa kimebonyea kidogo, kama mtu mwepesi amekaa pale na wala hana haraka ya kushuka.

Tii! Tii! Tii!

Alikanyaga breki kwa nguvu. Gari likasimama kando ya miti ya msonobari, kisanduku cha dashibodi kikafunguka chenyewe, na daftari la jalada la bluu likaanguka sakafuni.

Jonna hakuliokota. Alipiga simu kwanza.

"Mjomba Ragge!"

"Sema."

"Gari linalia."

"Linalia kama chuma au linalia kama ng'ombe?"

"Linalia mkanda. Linasema kuna mtu kwenye kiti cha mbele."

"Yupo?"

"Mjomba!"

"Nauliza tu. Fundi lazima aulize." Ragge alikuwa chini ya trekta la mtu, sauti yake ilitoka kama ndani ya pipa. "Sikiliza. Chini ya kile kiti kuna kitu kinapima uzito. Kikizeeka kinaropoka. Dubu ametembea mil elfu thelathini na nane na mia tisa. Ungetembea wewe hivyo, ungekuwa unasikia watu mchana kweupe."

Dubu ndiyo jina la gari. Marehemu Sixten, mwenye gari, ndiye aliyelipa jina hilo, na kijiji kizima kikalifuata. Na usisome mil ukadhani ni maili. Mil ya huku Jämtland, na ya Uswidi nzima, ni kilomita kumi. Hakuna mtu anayehesabu safari za gari kwa kilomita. Ukimwambia muuzaji "kilomita" atakuuliza wewe ni mgeni wa wapi. Kwa hiyo hesabu mwenyewe: Dubu alikuwa amekaribia kilomita laki tatu na elfu tisini.

"Chini umeangalia kutu?" Ragge aliuliza.

"Kidogo. Mlango wa nyuma."

"Moshi?"

"Hakuna."

"Kwenye mlima?"

"Mlima wa Hjördis limeupanda kama linapanda ngazi za kwao. Gari langu mimi nimeliacha chini, lilikuwa linateleza kama sabuni."

"Basi una tatizo la mzimu tu. Mzimu hauli dizeli." Kisha utani ukaisha. "Lakini mimi nisingelinunua, Jonna. Nakwambia kama mjomba wako. Mwendo huo ni mkubwa mno. Injini hiyo inaweza kukupa miaka kumi, au ikakuacha njiani kabla ya Krismasi. Na wewe ukiachwa njiani, huachwi peke yako."

Jonna alijua. Nani alijua kuliko yeye?

Majira ya baridi yaliyopita gari lake dogo lilikwama katikati ya mlima, theluji magotini, na Tyra nyuma, miaka mitano, midomo inageuka rangi ya bluu kwa pumu. Hospitali iko Östersund, mil tisa. Dereva wa lori la magogo ndiye aliyewabeba. Daktari alimshika Jonna bega na kumwambia maneno matatu tu: "Msichelewe tena hivi."

Mama yeyote aliyewahi kukaa kitandani akihesabu pumzi za mtoto anaelewa kwa nini Jonna hakuwa ananunua gari. Alikuwa ananunua majira ya baridi moja zaidi na Tyra.

Na gari kubwa aliloliweza kwa mfuko wake lilikuwa moja tu. Hili. Na saa kumi mchana mtu wa Sundsvall alikuwa anakuja kulichukua, kama Jonna atasema hapana.

"Funga mkanda wa kile kiti uendelee," Ragge alisema. "Litanyamaza."

"Nimfunge nani?"

"Mfunge asiyekuwepo!"

Simu ikakatika.

Jonna alinyoosha mkono, akauvuta mkanda juu ya kiti kitupu, akaubana. Klik.

Kimya.

"Samahani," alisema, na hakujua anamwomba nani.

Sasa ndipo alipoliokota daftari.

Lilikuwa daftari la safari, lile ambalo wanaume wa umri wa Sixten huliweka garini na kuliandika kwa uaminifu kuliko wanavyowaandikia watoto wao. Tarehe kushoto, mil kulia. Kumi na nane. Kumi na nane. Kumi na nane. Ukurasa baada ya ukurasa, mara tatu kila wiki, mwaka baada ya mwaka: kumi na nane. Kisha miaka ya safari chache. Kisha mwezi wa pili wa mwaka huu, mstari wa mwisho wa Sixten, na chini yake jumla yote: 38 912.

Mwezi wa pili Sixten alikufa. Jonna mwenyewe alisimama kwenye mazishi, Tyra akiwa amejifunika ndani ya koti lake.

Akageuza ukurasa.

13 Februari: 9.

20 Februari: 9.

27 Februari: 9.

Kila Alhamisi. Machi, Aprili, kiangazi chote. Tisa, tisa, tisa. Alihesabu mistari kwa ukucha: thelathini na tisa, wa mwisho tarehe sita Novemba. Alhamisi iliyopita.

Marehemu alikuwa anaendelea kuandika.

Na tisa! Mil tisa ni hadi Östersund. Kwenda. Ungekwenda na kurudi ungeandika kumi na nane, kama ilivyoandikwa miaka yote. Tangu Sixten azikwe, gari hili lilikuwa linakwenda kila Alhamisi na halirudi.

Lakini kila Ijumaa Jonna alikuwa akiliona bandani, limepaki.

Jonna aligeuza gari pale pale barabarani.

*

Jikoni kwa Hjördis, mjane wa Sixten, palinuka iliki na kahawa. Tyra, aliyeachwa hapo mama yake akijaribu gari, alikuwa mezani, mashavu yamejaa mkate mtamu, miguu inaning'inia.

"Mama! Hjördis anaongea kwa kuvuta hewa! Kama mimi na pampu yangu ya pumu!"

"Kweli?" Hjördis aliuliza, mama wa miaka sabini na minne, mwembamba kama ufito, sweta la mume wake limemfika magotini.

"Sema tena!"

"Unataka mkate mwingine? Jibu kama mimi."

Tyra akavuta hewa haraka kwa midomo iliyobanwa. Shup! Wote wawili wakacheka.

Hiyo ndiyo "ndiyo" ya kaskazini. Watu wa huku hawaitamki, wanaivuta ndani, pumzi moja fupi, na wakiwa wamechoka ndiyo neno pekee unalolipata. Jonna aliyezaliwa kusini aliwahi kumpiga Hjördis mgongoni, miaka mitano iliyopita, akidhani amepaliwa.

Leo hakucheka. Aliliweka daftari mezani.

"Tyra, kipenzi, nenda kamtazame paka sebuleni."

"Paka amelala."

"Kamtazame akilala."

Mtoto akaenda, na mkate wake.

"Hjördis, nani anaendesha Dubu?"

"Hakuna mtu. Kahawa?"

"Nani anaendesha Dubu siku ya Alhamisi?"

Mkono wa Hjördis ukasita juu ya birika.

"Nimesoma," Jonna alisema. "Sixten amezikwa Februari. Nilikuwepo. Na hapa kuna tisa, na hapa, na hapa. Mil tisa hadi hospitali, kwenda tu, hakuna kurudi. Na garini mwako kuna mtu amekaa kiti cha mbele! Nataka kumpakia mwanangu humo. Niambie!"

Hjördis alikaa. Hakuangalia tisa. Alifungua kurasa za mwanzo, akaweka kiganja juu ya zile kumi na nane.

"Hizi unazijua?"

"Hapana."

"Hizi ni Elna."

Jonna alilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza.

"Binti yetu. Figo zilikufa akiwa na miaka thelathini. Damu yake ilikuwa inasafishwa Östersund, mara tatu kwa wiki. Mil tisa kwenda, mil tisa kurudi. Hospitali walitoa teksi. Sixten akasema teksi ni ya wasio na baba." Alitabasamu kidogo. "Akanunua Dubu jipya kabisa. Miaka kumi na miwili. Hesabu."

Jonna alihesabu. Siku tatu, wiki hamsini na mbili, miaka kumi na miwili. Karibu mwendo wote wa gari lile, ule ambao Mjomba Ragge aliuogopa, ulikuwa barabara moja tu, na abiria mmoja.

"Halikuwahi kushindwa?"

"Nyuzi thelathini chini ya sifuri lilifika. Siku mti ulipoanguka barabarani, lilipita msituni. Mara moja tu halikufika."

"Lini?"

"Siku ile Elna aliposema hataki kwenda tena. Walikuwa wameshafika darajani. Sixten akazima injini, wakakaa mpaka kukawa giza, kisha wakarudi nyumbani. Aliandika nane: nne kwenda, nne kurudi. Imo humo, kama utaitafuta."

Jonna hakuitafuta.

"Na mkanda?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Unalia tangu Elna aache kukaa pale. Miaka sita sasa. Sixten alikuwa anaufunga, kisha anaondoka."

"Hakumwita fundi?"

"Nilimwambia amwite. Akasema hakijaharibika kitu."

Saa ya ukutani ilipiga nusu. Saa nane na nusu mchana, na nje mwanga ulikuwa umeshaanza kuchoka, bluu juu ya theluji changa.

"Na hizi tisa, Hjördis. Bado hujanijibu hizi tisa."

Mama yule aliona haya ghafla, kama msichana.

"Ni mimi."

"Wewe huna leseni!"

"Usipige kelele, mtoto atasikia. Askari wetu yuko mbali na ana mafua tangu Septemba."

"Unaendesha mil tisa peke yako, bila leseni, kila Alhamisi? Halafu unarudije?"

"Mil?" Hjördis alikunja uso. "Nani kasema mil? Nakwenda kanisani, makaburini. Namwambia Sixten habari za wiki, namwambia Elna, narudi. Namba za pale mbele zinasogea tisa. Naandika tisa."

Jonna alimtazama. Akalitazama daftari. Kisha akashika paji la uso.

"Hjördis... zile namba za pale mbele ni kilomita."

"Ni namba. Sixten alikuwa anaandika namba, na mimi naandika namba."

"Alikuwa anagawa kwa kumi! Kila mtu anagawa kwa kumi! Hata mimi nimesoma tisa nikaona mil tisa, sikufikiria mara mbili!"

"Mimi kabla ya Februari sikuwahi kukaa upande wa usukani. Nitajuaje mnagawa?"

Jonna aliangua kicheko, kile kinachokaribia machozi. Na kwa sababu alikuwa ameshaogopa vya kutosha, alipiga hesabu kuhakikisha. Thelathini na tisa mara tisa: mia tatu hamsini na moja. Sixten aliliacha gari kwenye kilomita laki tatu, elfu themanini na tisa, mia moja na ishirini. Asubuhi... hapana, mchana huu, alipowasha, kioo cha namba kilisema 389 471. Tofauti: mia tatu hamsini na moja kamili. Zingekuwa mil, lingekuwa limepita laki tatu na elfu tisini na mbili.

Hakuna mzimu. Mjane mmoja tu, sweta la marehemu, mguu unatetemeka juu ya breki, kilomita nne na nusu za upendo kwenda na nne na nusu kurudi.

"Na wewe unaufunga ule mkanda?" Jonna aliuliza.

Hjördis akavuta hewa. Shup.

Ndipo Jonna alipoamua, msomaji wangu. Siyo kwa sababu kutu ilikuwa kidogo. Hakuwahi kuona namba kubwa kiasi kile, na wiki mbili nzima alikuwa ameiogopa kama ugonjwa. Sasa aliiona ilivyo: kila mil moja ilikuwa mtoto wa mtu amefikishwa.

"Nalichukua."

"Na Ragge?"

"Ragge atanuna. Kisha atakuja kubadilisha mafuta."

Hjördis alishika simu ya ukutani, akampigia mtu wa Sundsvall. "Limeuzwa... Leo... Hapana, hata ukiongeza. Limekwenda kwa mtoto." Akakata kabla hajajibiwa, akafungua kabati, akatoa karatasi ya njano ya umiliki na kalamu.

Wakatia saini, mmoja juu, mmoja chini. Kitu kikubwa namna ile kilichukua muda mfupi kuliko kumenya kiazi.

"Na daftari," Hjördis alisema. "Andika jina lako. Limezoea kuandikiwa."

Jonna alilivuta, akatafuta mwisho wa orodha.

Kalamu ikasimama hewani.

"Hjördis. Umeshakwenda makaburini leo?"

"Leo? Nimeoka tangu asubuhi. Nimefikiri niende kesho kwa basi, maana gari..."

"Lakini umeandika."

"Sijaandika."

Mstari wa arobaini. Jonna alikuwa amehesabu kule barabarani kwa ukucha, thelathini na tisa, alihesabu mara moja lakini alihesabu vizuri.

13 Novemba: 9.

Leo ilikuwa tarehe kumi na tatu Novemba. Alhamisi.

"Labda niliandika nikasahau," Hjördis alisema, lakini alikuwa ameshainama, miwani puani, na rangi ilikuwa inamtoka usoni.

Kwa sababu tisa za Hjördis zilikuwa na mguu mnyoofu, kama fimbo. Zote thelathini na tisa. Hii ya arobaini ilikuwa na mkia uliopinda kushoto, kama ndoano ya kuvulia samaki barafuni. Hjördis aligeuza ukurasa nyuma, kwenye jumla ya mwisho ya mume wake. 38 912. Akaweka kidole kwenye ile tisa.

Ndoano.

Hjördis akavua miwani.

Jonna alisikia akili yake ikienda mbele peke yake, gizani, na hakuweza kuizuia. Kama ile tisa ni ya Sixten, basi ni mil. Sixten alijua kugawa. Mil tisa: hospitalini, na hakuna kurudi. Na kama ni ya Hjördis, ni kilomita. Kilomita tisa: makaburini.

Aisome vyovyote, haikuwa na njia nzuri.

Kisha, sebuleni, Tyra akakohoa.

Siyo kikohozi cha makombo ya mkate. Jonna alikijua hiki. Kilikuwa kikavu, kifupi, na baada yake filimbi nyembamba kifuani.

Kalamu ilianguka.

*

"Niangalie, kipenzi. Mwangalie mama."

Tyra alikuwa amekaa sakafuni, mabega juu. Paka alikuwa amehama kiti.

"Ni... paka," mtoto alisema. "Nilimtazama... kwa karibu."

"Si kosa lako. Pampu. Moja. Shikilia pumzi. Vizuri sana. Nyingine."

Pampu mbili, nne, sita. Filimbi haikuondoka. Hjördis alikuwa ameshapiga namba ya dharura, anasikiliza, uso mgumu.

"Gari la wagonjwa liko upande wa pili wa milima. Saa moja na nusu. Wanauliza una gari linaloweza kutoka? Utakutana na wenzao kutoka Östersund njiani."

Jonna alitazama dirishani. Theluji iliyotabiriwa kushuka kesho ilikuwa imeanza leo. Kubwa kubwa, nzito, inashuka wima kama inajua inakokwenda.

Chini ya mlima, gari lake dogo lilikuwa limeshaanza kufunikwa vioo.

Mbele ya mlango alisimama Dubu.

"Waambie ninalo," Jonna alisema.

Alimfunga Tyra ndani ya blanketi la Hjördis. Alifika mlangoni. Akarudi. Msomaji, usimlaumu kwa zile sekunde tano, mimi ningezitumia vilevile. Alirudi mezani, akaokota kalamu, akaikata ile tisa kwa mstari mmoja, na pembeni yake akaandika, kwa nguvu hadi karatasi ikachanika, kumi na nane.

"Kwenda na kurudi," aliliambia daftari. "Umenisikia? Kwenda na kurudi."

"Twende pamoja?" Hjördis aliuliza, ameshika koti.

"Baki kwenye simu. Waelekeze nilipo. Mpigie Ragge atangulie na trekta barabara kuu."

"Jonna. Darajani usipunguze mwendo. Gari litataka kupunguza. Usiliachie."

Jonna hakuuliza kwa nini.

Tyra kwenye kiti cha nyuma, pampu mkononi, mkanda umekazwa. Ufunguo. Injini iliitika mara moja, sauti ya chini, nzito, ya mtu aliyeamshwa kwa kazi anayoijua. Magurudumu yote manne yalishika. Wakashuka mlima katika weupe mtupu, na mlima haukuwazuia hata kidogo.

Tii! Tii! Tii!

Mkanda alikuwa ameufungua alipopaki kwa Hjördis, na safari hii Jonna hakupiga simu kwa mtu. Alinyoosha mkono bila kuondoa macho barabarani, akauvuta mkanda juu ya kiti kitupu, akaubana, kama mama anavyomfunga mtoto wa pili.

Klik.

Namba za mbele zikageuka. 389 484.

Nyuma yake filimbi ya kifua ilikuwa inapanda na kushuka. Mbele yake barabara ilikuwa imepotea, hakuna ila fito nyekundu za kuonyesha ukingo, moja baada ya moja, kila moja ikitokea kama imesubiriwa. Mil tisa. Jonna aliuma mdomo. Hakutaka kuuliza, na aliuliza, polepole, kwenye kioo kilichojaa theluji.

"Tutarudi?"

Shup.

Pumzi moja fupi, ya kuvuta ndani. Karibu sana.

"Umesema nini, kipenzi?" Jonna aliuliza, akainua macho kwenye kioo cha kutazama nyuma.

Tyra hakujibu. Alikuwa ametoka kuvuta dawa. Midomo ilikuwa imefungwa, mashavu yamejaa, ameshikilia pumzi yake kama alivyofundishwa na wauguzi, anahesabu hadi kumi kwa vidole.

Alikuwa tayari kwenye cha sita.